Fundi wa Joto

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto la Katavi huingia ndani ya nyumba na kukaa humo. Kompyuta ya mezani inayochapa barua na vyeti kule Sibwesa huvuta hewa hiyo hiyo ya moto, na vumbi lake. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko chumba, kwa hiyo kila kizuizi kati ya prosesa na hewa kina gharama. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Mteja huona tu kwamba mashine imekuwa nzito.

Namsifu fundi anayejua kung'oa kipozeo cha zamani na kufunga kikubwa zaidi. Wengi hutazama ukubwa wa feni. Mimi hutazama vidole vyake. Kwanza huiwasha mashine dakika chache ili pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo ilainike, huizima na kuchomoa waya wa umeme, kisha hukizungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukivuta. Akikivuta kwa pupa, pesti iliyokauka yaweza kuing'oa prosesa ya AMD ya aina yenye pini kwenye soketi, na pini zake zikapinda.

Hufuta mabaki kwa spiriti mpaka bamba ling'ae, halafu huweka pesti mpya, punje ya mchele tu. Metali mbili, bamba la prosesa na kitako cha kipozeo, hata zikionekana laini, zina mabonde madogo yanayoshika hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Pesti huifukuza hewa hiyo. Ikizidi, nayo huwa kizuizi. Skrubu hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, kitako kishuke sawasawa.

Mirija ya shaba inayopanda kutoka kwenye kitako nayo ni ajabu. Ndani mna maji kidogo na hewa imetolewa. Maji hugeuka mvuke, hupanda, hupoa juu na kurudi kwa kufuata utambi. George Grover aliutengeneza mrija wa namna hiyo huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, akifikiria mitambo ya angani.

Mwisho fundi hufunga kasha kabla ya kupima, maana ndani ya kasha lililofungwa ndimo mashine itakamoishi. Huipa kazi nzito, hukaa kitini na kuzisoma nyuzi mpaka ziache kupanda. Malipo atayaulizia baadaye.