Heko kwa Wenye Bisibisi ya Plastiki

Heko kwa wale wanaokesha na tyuna ya FM ya miaka ya 1970, jenereta ya mawimbi na osiloskopu, bila kulipwa hata senti. Wanayarudisha masafa ya kati, 10.7 MHz, mahali pake, maana koili na kapasita huzeeka na kipimo huhama polepole. Bisibisi yao ni ya plastiki: ya chuma ikisogea kwenye koili, kipimo hubadilika, ukiichomoa, hubadilika tena. Robo mzunguko, tazama skrini, rudi kidogo. Kiini cha feraiti kinachozungushwa ndani ya koili kikipasuka, hapo hata mstaarabu hutukana. Kisha wanaigeukia ishara elekezi ya stereo, 19 kHz, mpaka gitaa na kinanda vinaachana, kila kimoja upande wake.