Fundi wa Kioo na Kanisa Lijalo

Kitengela ni mji wa makanisa yanayojengwa. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 150,000 mahali ambapo wazee wanakumbuka malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu. Siku ya Jumapili utakuta ibada chini ya mabati, ndani ya hema, kwenye kumbi za kukodi, na kamati ya ujenzi ikiitisha harambee nyingine. Ukiuliza kanisa la kesho litakuwaje, utaonyeshwa mchoro wenye viti, maegesho na vipaza sauti. Dirisha halitajwi. Mimi naona pengo hapo, kwa sababu mafundi wa dirisha tunao katika kaunti yetu hii hii ya Kajiado.

Ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya Kitengela Glass mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye mwanawe, Anselm, akajenga tanuru la kupulizia kioo. Malighafi yao ni kioo kilichotupwa: chupa tupu, vioo vya madirisha vilivyopasuka.

Fundi wa dirisha huanza na karatasi. Huchora picha nzima kwa ukubwa wake halisi, akaigawa vipande na kukipa kila kipande namba. Kisha hukwaruza kioo kwa kigurudumu kidogo cha chuma kigumu, mkwaruzo mmoja usiorudiwa, na kukivunja kwa vidole. Mkono ukisita, kioo hupasuka kinakotaka chenyewe. Kona kali ya ndani haikatiki, kwa hiyo mchoraji asiyejua tabia ya kioo huchora kazi isiyowezekana. Mwishowe vipande hufungwa kwa ukanda wa risasi na viungo vikalehemiwa. Ipo pia njia iliyozuka Ufaransa karne iliyopita: mabonge ya kioo yenye unene wa karibu sentimita 2.5 hupasuliwa kwa nyundo, yakapangwa, na zege likamiminwa katikati yake. Hiyo naipenda zaidi kwa ajili yetu. Fundi mwashi aliyemwaga msingi wa kanisa anaweza kujifunza kumwaga dirisha lake.

Rangi haipakwi juu. Imo ndani ya kioo. Kobalti huleta buluu, chuma huleta ule ukijani wa chupa. Tena si kila kioo hupatana na kingine tanurini, maana kila aina hutanuka na kunywea kwa kiasi chake, na aina zisizolingana zikiyeyushwa pamoja hupasuka zinapopoa. Fundi huzitambua, huzitenga, hupooza kazi yake polepole kwa saa nyingi. Maarifa haya ni ya kiroho pia, na sioni haya kusema hivyo. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge, afue na kupamba hema la kukutania.

Basi dirisha letu lionyeshe nini? Mwaka 1959, msanii Elimo Njau alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Kristo katikati ya watu na vilima vya Ugikuyu. Kajiado ina hazina yake. Mama wa Kimaasai anayetunga ushanga amekuwa akipanga vioo vya rangi maisha yake yote, na anajua ni rangi ipi ikae kando ya ipi. Nyasi, ambazo kwa Wamaasai ni ishara ya amani na baraka, zinastahili kuwamo. Huyo mama aitwe kwenye kikao, akae meza moja na mkandarasi, na alipwe.

Aitwe mapema, pamoja na fundi wa kioo, kabla msingi haujachimbwa. Kwetu hapa, karibu na ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na jua la Desemba upande wa kusini. Kanisa lililolazwa mashariki hadi magharibi litapokea rangi kupitia ukuta wa kaskazini miezi ya baridi, na kupitia ukuta wa kusini wakati wa Krismasi. Mchoraji wa ramani akiambiwa hayo leo, ataacha nafasi za madirisha panapostahili. Akiambiwa baada ya kuta kusimama, itabidi kubomoa.