Mnazi na Hati: Sheria katika Shairi Moja la Abdilatif Abdalla

Wahakiki wa Sauti ya Dhiki wamezoea kulipitia kwa haraka shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili, Alii na Badi, ni makundi ya wananchi; mnazi ni nchi; kazi imekwisha. Tafsiri hiyo si ya makosa, na historia yaiunga mkono. Mtunzi alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?; mashairi aliyatunga gerezani, na diwani ikachapishwa 1973. Mwaka uliofuata ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. (Kejeli hii haihitaji mhakiki.)

Hata hivyo, kwa kulikimbilia fumbo twaliruka lililo wazi. Alii na Badi wanagombea mnazi, na kwa mtu wa Pwani mnazi ni mali yenye sheria yake.

Yafaa msomaji asiyekulia huko aelezwe. Kwa desturi ya Waswahili na Wamijikenda, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Mtu aliweza kupanda mnazi katika shamba la mwenziwe, akaumiliki, akaurithisha, hata akauweka rehani, ilhali udongo ulioushika si wake. Penye ugomvi, wazee waliuliza: nani aliupanda, nani aliupalilia, nani aliona? Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitanguliza swali jingine: dai la nani limesajiliwa? Wengi waliokosa kusajili walijikuta wakiitwa maskwota pale pale walipozaliwa. Huko Shelly Beach, Likoni, nimewahi kumsikia mzee akisema, "Minazi yetu, kiwanja chao," bila kuona kinzano lolote katika usemi wake. Na katika Likoni hiyo hiyo, ni mwaka 2016 tu ambapo wakazi wa shamba la ekari 930 walianza kupewa hati.

Tukilisoma shairi kwa nuru hiyo, umbo lake la majibizano lapata maana mpya. Ni kesi: dai, jibu, dai tena. Lakini hatusikii sauti ya kadhi wala hakimu. Mtu aliyekwisha simama kizimbani ametunga baraza ambalo kiti cha mwamuzi kimeachwa wazi, na msomaji asukumwa akikalie, apende asipende. Wako watakaoona huo ni upungufu wa mtunzi, kutotoa hukumu. Mimi naona ndiyo nguvu yake. Tena tuzingatie mizani na vina: ndugu wote wawili wamebanwa na arudhi ile ile. Mwenye nguvu hana silabi moja zaidi ya mnyonge wake. Usawa huo mbele ya kanuni, ambao mahakama ya 1969 haikuuonyesha, umo katika utungo.

Hapo ndipo fumbo lenyewe linapobadilika. Ikiwa mnazi ni nchi, basi mtunzi hakuchagua shamba, hakuchagua udongo wenye mpaka na hati; alichagua mti, mali ambayo haki yake katika desturi hutokana na kupanda, kumwagilia na kungoja miaka hadi uzae. Wanaofundisha shairi hili kwa mlinganyo wa "mnazi sawa na nchi" wamempokonya Alii hoja yake kabla hajafungua kinywa.