Uso Juu ya Ukurasa wa Daktari

Huku Awendo, nyumba za udongo hubandikwa magazeti na kalenda kuukuu ukutani. Ukilala umegeukia ukuta unasoma dunia nusunusu: mwanasiasa hana kichwa, mwanamke wa tangazo la sabuni amebaki midomo tu.

Ukuta huo ulinijia nikizitazama kwa simu zile picha 12 za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ziitwazo *Histology of the Different Classes of Uterine Tumors*. Alianza na kurasa za zamani za udaktari, zenye michoro ya mfuko wa uzazi uliougua. Juu yake akabandika macho, midomo na vipande vya miili kutoka majarida, akatia manyoya na pambo la kumetameta. Ghafla, ni uso.

Watu husifu mng'aro. Mimi naona kazi iko kwa mstari. Mchoraji wa kale aliuchora aonyeshe ugonjwa. Mutu haufuti, anaugeuza shavu, anaugeuza kidevu. Na kwa sababu jina la ugonjwa bado limechapishwa pale chini, huwezi kumwangalia huyu dada bila kujua vile daktari alimwangalia. Jina lake mwenyewe, nani aliuliza?

Nina neno moja. Manyoya na pambo yakizidi, uso unabaki wa kutisha tu, kama kinyago cha sinema. Zinazonishika ni zile ambapo ukurasa bado unachungulia, mpaka unavuta picha karibu usome yale maandishi madogo.