Jirani Asiyepigwa Picha

Asimamaye Forodhani, Unguja, wakati wa magharibi, hakosi kukuta safu ya watu walioinua kamera kuelekea baharini. Picha watakayoondoka nayo inajulikana kabla haijapigwa: tanga la ngalawa, weusi wa mtu aliyekaa tezi, na jua jekundu linalozama majini. Picha hiyo imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama kibwagizo ambacho kila mtu anakiitikia na hapana anayekisikiliza. Tena ina uongo mdogo ndani yake. Jua lile halizami majini. Linatua bara, ng'ambo ya mkondo wa bahari, nyuma ya Saadani na msitu wa Zaraninge, juu ya mashamba ya mahindi na mihogo ya Miono, ambako saa ileile wapo wanaorudi nyumbani baada ya kutwa nzima ya kuamia ngedere. Ngedere hao hawamo katika picha. Wala hayumo komba, ambaye punde giza likiingia ataanza kulia mitini, huko Miono na huku Unguja vilevile.

Kutokuwamo huko ndiko kunakostahili kuhakikiwa. Kwa muda mrefu kamera ya pwani imezoezwa kutazama vitu vya namna mbili tu: kilicho kizuri kwa mbali, na kilicho adimu kwa karibu. Aliye katikati, yaani kiumbe anayeishi na watu, anayekula mazao yao, anayewaamsha usingizini na kuingia katika misemo yao, ameachwa nje kana kwamba kuonekana kwake kila siku ni sababu ya kutotazamwa.

Saadani ni mfano ulio wazi. Ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, sifa iliyotangulizwa ilikuwa kwamba hapo mbuga inakutana na Bahari ya Hindi. Picha inayotafutwa ikawa moja: tembo, au bora zaidi simba, akitembea mchangani na mawimbi yakiwa nyuma yake. Si picha ya uongo. Wanyama hushuka ufukoni, ingawa si kila siku wala si kwa kila mgeni. Lakini kinachotokea kwa nadra kimefanywa kuwa sura ya mahali, na kinachotokea kila siku kimefanywa kuwa si kitu. Viboko wa Mto Wami, heroe wa kwenye mashamba ya chumvi, kasa wanaopanda ufuko wa Madete kutaga, hao angalau hupata nafasi pembeni. Wasioipata ni watu. Katika picha nyingi za Saadani ufuko ni mtupu, kana kwamba tangu kuumbwa kwake haujakanyagwa, ilhali Saadani ni mji wa kale kuliko hifadhi. Ulikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19, na ndiko alikotawala Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani katika vita vilivyoanza mwaka 1888. Picha iliyosafishwa hivyo haina hatia ya macho peke yake. Mtu akionyeshwa ufuko mtupu kwa miaka ishirini, siku atakapomwona mvuvi ametokea humo na wavu wake, atadhani mvuvi ndiye mvamizi.

Ama Miono yenyewe, haina ufuko wa kuiokoa. Ipo kwenye njia itokayo Mandera kwenda Saadani, na wageni wengi huipita vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi na kamera zikiwa bado mikobani. Wanyama wa kupigwa picha, kwa hesabu yao, wanaanzia langoni. Nguruwe aliyefukua mihogo ya mtu usiku uliopita, umbali wa hatua chache kutoka barabarani, hana tiketi.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa picha na kwa risasi, vyote hupigwa. Huenda ni sadfa ya lugha tu, lakini historia ya picha za wanyama katika nchi hii inaipa sadfa hiyo uzito. Mjerumani Carl Georg Schillings alipata umaarufu Ulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1905, ambacho jina lake liliunganisha taa ya kumulika na bunduki, na ambacho kilijaa picha za usiku za wanyama wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Punda au ng'ombe alifungwa kuwa chambo, simba akaja, unga ukalipuka, na kilichoshuhudiwa na umeme wa nukta moja kikabaki milele. Haki yake apewe: kabla ya hapo usiku wa porini haukuwahi kuonekana hivyo, na baadhi ya picha zile bado zinamfanya mtu anyamaze. Hata hivyo zimerithisha mwenendo. Mnyama hutokea ghafla, ameshtuka, macho yanawaka, na nyuma yake kuna giza tupu lisilo na mti, nyumba wala jirani.

Mwenendo huo ndio uliomharibu komba. Komba wa kwenye picha ni macho mawili mekundu yaliyobandikwa gizani. Komba wa watu wa pwani ni sauti kwanza: kilio kama cha mtoto mchanga, ambacho mgeni hukitokea nje na taa akidhani kuna aliyetupwa. Baada ya sauti ni tabia. Hupanda mnazi wa mgema usiku akainywa tembo iliyokuwa ikidondoka kibuyuni, na ndiyo maana mlevi aliyepindukia hufananishwa naye. Mgema anamfahamu komba kwa hasara, mtoto anamfahamu kwa hofu, jirani anamfahamu kwa kicheko. Hapana hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuonekana ndani ya macho mawili mekundu. Angetokea mpiga picha akapanda na mgema alfajiri, akapiga kibuyu kilichopungua na alama za kucha kwenye makuti, angekuwa amempata komba bila komba kuwamo. Anayependa mashairi haoni ajabu katika hilo. Ni fumbo la kawaida kabisa.

Kwa hakika pwani ilikuwa na njia yake ya kuwatwaa viumbe kabla kamera haijafika. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya ufundi wa kupiga picha kutangazwa Paris. Mshairi wa zama zile hakuwa na haja ya kumweleza kunguru au chewa. Alimtaja, na msikilizaji mwenyewe akaleta manyoya, magamba, harufu na tabia. Mwenendo huo haukufa. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, aliyetoa diwani ya Kimbunga mwaka 1994, aliandika kwa imani hiyohiyo kwamba msomaji wake ameishi na bahari na hahitaji kuchorewa. Jina lilitosha kwa kuwa nyuma ya jina palikuwa na ujirani. Kamera imegeuza mambo: inaleta kila unyoya, na inasahau jina. Katika vitabu vikubwa vya picha vinavyouzwa kwa wageni, chini ya picha ya ndege wa kisiwani aghalabu huandikwa jina la Kilatini na la Kiingereza. La Kiswahili, ambalo ndilo lililobeba yote ambayo picha haikuweza kuyabeba, halimo.

Kima punju ana kisa kinachofaa kusimuliwa hapa. Mnyama huyu wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu na ukingo wa nywele nyeupe usoni, aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1868 kwa jina la John Kirk, tabibu na baadaye balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar takriban miaka ishirini. Kirk alikuwa mtaalamu wa mimea na mpiga picha pia, na picha zake zimehifadhiwa Scotland hadi leo. Hivyo mnyama mmoja ana majina mawili: moja linamtaja aliyepeleka habari zake, na jingine, punju, ni sumu, kwa kuwa watu wa kusini Unguja walimhesabu kuwa kiumbe wa madhara. La pili si jina la kupendeza. Lakini ndani yake mna mkulima, mwembe wake, na ugomvi wa miaka mingi.

Leo picha za kima punju ni maelfu, maana karibu na barabara ya Jozani amezoea watu na hakimbii. Takriban zote ni za uso. Kuna jambo ambalo watafiti waliliandika katika miaka ya 1990 na ambalo wenyeji walikuwa wakiliona kitambo: kima wanaoishi kwenye mashamba hula makaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzifyonza. Basi mnyama huokota kipande kwenye tanuri la mtu au penye kisiki kilichoungua, akaenda zake akitafuna. Picha ya kima aliyeshika kaa mkononi ina vyote: msitu uliokatwa, mchoma makaa, mwembe wa shamba, na akili ya mnyama aliyejua kuishi kati ya hayo. Picha mia za uso wake, hata zikiwa kali namna gani, haziifikii hiyo moja.

Isidhaniwe kwamba lawama hii ni ya wageni na sifa ni ya wenyeji. Mazoea nayo hupofusha. Mtu aliyezaliwa Makunduchi aweza kuishi miaka sitini na mjusi kafiri ukutani asimwangalie hata mara moja, na wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo mwenyeji apone. Wapo wageni waliohamia visiwani, wakaanza kwa kupiga kila kitu: kaa wa mchangani, yangeyange juu ya ng'ombe, tope la mikoko maji yakipwa. Picha za miezi yao ya kwanza hufanana. Anayebaki mpaka kusi na kaskazi zimpitie mara mbili tatu huanza kupiga chache, na hizo chache huwa na saa ndani yake. Hujua sululu hushuka kulisha maji yakitoka, si yakijaa. Hujua mvua za masika zinamtoa nani shimoni. Kipimo basi si pasipoti. Ni kama aliyekaa na kiumbe huyo angemtambua pichani, si kwa rangi zake tu bali kwa alichokuwa akikifanya.

Kwa kipimo hicho, aliyedhulumiwa kuliko wote ni kunguru. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, akazaana, akavuka bahari, akawa balaa kwa vifaranga na kwa ndege wadogo, na kampeni za kumpunguza zimefanywa Unguja na Dar es Salaam. Ndiye ndege anayeonekana zaidi mjini. Kwenye kalenda hayupo. Mpiga picha humngoja aondoke kwenye ukuta wa Ngome Kongwe ndipo abonyeze, na kwa kufanya hivyo huifuta pia habari ya namna mji ulivyobadilika.

Wenye studio za mjini wasibebeshwe deni hili lote. Akina Gomes tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, walikuwa na kazi nyingine: walipiga watu, mitaa, milango, makasri, harusi na maandamano, na bila wao Unguja ya zamani ingebaki maneno matupu. Ila ramani ya kazi yao iliishia karibu na mjini, na shamba lilibaki kwa wasimulizi.

Faida ya wasimulizi ilionekana miaka ya karibuni. Watu wa vijijini Unguja walikuwa na jina la mnyama mdogo mwenye madoa, apitaye usiku, waliyemwita uchui. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1998, na picha zake za kwanza zikapatikana mwaka 2003, katika msitu wa Jozani, kwa mtego wa kamera. Hapakuwa na mtu nyuma ya lenzi. Walioweka mtego walikuwa wamewauliza wanakijiji kwanza, wakalifuata jina mpaka likawafikisha kwa mnyama.

Chui mwenyewe hakuwa na bahati hiyo. Chui wa Unguja alisadikiwa kufugwa na wachawi na kutumwa kwa watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kumuua, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walimhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 televisheni ya nje ilionyesha ukanda mfupi wa mtego wa kamera, ikidai ndiye, mabishano hayakwisha. Kinachobaki kwa macho ni ngozi chache katika nyumba za makumbusho, ikiwamo moja iliyojazwa na kusimamishwa Makumbusho ya Zanzibar. Waliomsikia usiku humweleza kwa mlio wake, kwa mbwa asiyerudi, kwa njia aliyopita kuelekea kisimani. Wanakumbuka hata jina la aliyedaiwa kuwa mwenyewe. Kamera zilikuwapo mjini wakati wote huo.