Nondo kwa Daktari wa Miguu

Mwaka 2009 mchekeshaji wa Kanada, Norm Macdonald, alikaa kwenye kiti cha wageni katika The Tonight Show, kipindi cha Marekani ambacho wakati huo kiliongozwa na Conan O'Brien, akasimulia kisa cha nondo aliyekwenda kwa daktari wa miguu. Kiini chake ni kifupi mno. Nondo anamweleza daktari masaibu yake, daktari anamwambia haya ni mambo ya daktari wa akili, sasa kwa nini umekuja kwangu? Nondo anajibu: niliona taa inawaka.

Ukikisema hivyo watu watatabasamu, na mazungumzo yataendelea. Macdonald alikivuta kwa dakika kadhaa, na watu wanaendelea kukitafuta na kukitazama ingawa mwenyewe alifariki Septemba 2021. Nimekirudia mara nyingi nikitaka kujua amekivuta kwa nini hasa, maana kurefusha maneno kila mtu anaweza.

Nondo wake anaanza na kazi. Anafanya kazi kutwa bila kujua anafanya nini, na anashuku kuwa hata bosi wake, mwenye jina refu la Kirusi, hajui. Anachofurahia bosi ni kuwa na mamlaka juu ya mtu. Kutoka kazini tunaingia nyumbani, usiku, kitandani, pembeni ya mke mzee ambaye nondo aliwahi kumpenda. Kisha binti aliyekufa kwa baridi mwaka uliopita. Kisha mtoto wa kiume, na hapa sauti ya Macdonald haipandi wala haishuki: nondo hampendi tena mwanawe, kwa kuwa akimtazama machoni anauona woga uleule anaouona kwenye kioo akijitazama yeye. Huzuni hiyo ingetosha riwaya nzima ya Tolstoy, mwandishi ambaye Macdonald alimpenda.

Ufundi wenyewe uko hapo. Tangu sentensi ya kwanza tumeambiwa kwamba huyu ni nondo, na hakuna asiyejua nondo na taa. Jibu tunalo mkononi. Kazi ya dakika zote zile ni kutusahaulisha kitu tunachokijua, na hakuna njia ya kumsahaulisha mtu kwa haraka. Kila jeraha jipya linamwondolea mdudu yule mabawa, mpaka mbele yetu amebaki baba aliyevunjika moyo. Kwa hiyo daktari anapouliza kwa nini umekuja hapa, swali linakuwa letu pia. Tunataka kweli kujua.

Tena Macdonald ni mwungwana kwa msikilizaji wake. Karibu na mwisho nondo anasema wakati mwingine hujihisi kama buibui, ingawa yeye ni nondo. Ukumbi unacheka. Tumekumbushwa waziwazi, na bado jibu la taa linatukuta hatuna habari. Hapo mimi huvua kofia.

Billy Connolly, mchekeshaji wa Glasgow huko Uskoti, alifika kwenye urefu kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa mchomeleaji katika viwanda vya meli vya mto Clyde, kisha mwimbaji wa nyimbo za kiasili, na maneno yake kati ya wimbo na wimbo yaliendelea kurefuka hadi yakawa ndiyo onyesho. Yeye hasubiri mwisho. Anaanza kisa, anakumbuka kingine, anaingia humo, anacheka mwenyewe, na baada ya muda mrefu anarudi palepale alipoacha, wakati wewe umeshakata tamaa ya kusikia kilichotokea. Raha yake imetapakaa njia nzima. Ya Macdonald imefungwa yote kwenye fundo moja, na ndiyo maana naiona ngumu zaidi: kichekesho kifupi kikikwama umepoteza sekunde chache, lakini kirefu kikikwama umewaibia watu muda wao, na wanakutazama.

Sisi tuliolelewa na paukwa na pakawa hatuhitaji kufundishwa kusubiri. Msimulizi wa ngano alipokawia kumfikisha Sungura kisimani hakuna aliyemhimiza. Lakini siku hizi hata wachekeshaji wetu wanafika kwenye simu zetu kwa vipande vya nusu dakika, na mchekeshaji anayejua kwamba atakatwa hujifunza kusema kinachokatika. Kisa cha nondo hakikatiki. Ukichukua jibu peke yake umebeba taa bila giza lake.

Kitafute basi, ukitazame kuanzia daktari anapouliza shida ni nini, bila kuruka hata neno. Na ukienda ukumbini ukamkuta kijana wetu ameanza kisa kirefu, mvumilie, umwache afike.