Kozi ya Kiingereza cha Uhandisi Ipimwe kwa Ripoti

Kozi za Kiingereza kwa wanafunzi wa uhandisi zimezoeleka kutathminiwa kwa dodoso la kuridhika linalojazwa wiki ya mwisho, pamoja na mtihani wa sarufi na msamiati. Donald Kirkpatrick, katika ngazi nne za kupima mafunzo alizozieleza mwaka 1959, aliweka hisia za mwanafunzi katika ngazi ya kwanza, alichojifunza katika ya pili, utendaji wake kazini katika ya tatu na matokeo kwa taasisi katika ya nne. Dodoso linagusa ngazi ya kwanza na mtihani ya pili, ilhali kozi hizi zilianzishwa kwa ajili ya ya tatu. Kwa hiyo kipimo cha haki cha kozi hizi ni ripoti anayoiandika mwanafunzi katika fani yake.

Tuchukue Tanzania, ambako wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Akirudi kutoka mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi anapaswa kueleza kwa nini mchemraba wa zege wa siku 28 ulivunjika kabla ya kufikia nguvu iliyokusudiwa: atenganishe alichokipima na anachokikisia, ataje vizio, kisha apendekeze hatua. Anaweza kuzijibu sawasawa sentensi zote za kauli ya kutendwa mtihanini, na bado akachanganya matokeo na tafsiri yake. Wataalamu wa ufundishaji wa Kiingereza Hutchinson na Waters walitofautisha mwaka 1987 kati ya yale kazi inayoyadai, yale mwanafunzi anayoyakosa na yale anayoyataka. Dodoso husikiliza hayo ya mwisho tu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kila mwanafunzi aandike ripoti fupi kabla ya kozi na nyingine ya aina hiyohiyo baada yake. Majina na tarehe ziondolewe, ripoti zichanganywe, kisha mhadhiri wa lugha na mhadhiri wa uhandisi wazisahihishe kila mmoja peke yake kwa vigezo vilevile. Atakayesema kuwa maendeleo huenda yametokana na masomo mengine ana hoja. Ndiyo maana nusu ya darasa ianze muhula wa kwanza na nusu wa pili, ili mwisho wa muhula wa kwanza makundi yalinganishwe. Ama hoja kwamba mwalimu wa lugha hajui uhandisi, walimu wa Kiingereza Dudley-Evans na Johns walilishughulikia hilo katika Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kufundisha bega kwa bega na wahadhiri wa fani. Darasa likiwa kubwa, sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu inatosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba saiti zetu zinaendeshwa kwa Kiswahili: mhandisi huelekezana na mafundi kwa lugha hiyo. Ni kweli, na tathmini ya kweli lazima ikubali ushahidi huo. Mazoezi ya mazungumzo ya saiti yasiyotumika yaondolewe, muda wake upewe mikataba, viwango na ripoti, ambavyo kwa sehemu kubwa bado viko kwa Kiingereza. Wakuu wa idara, tunzeni maandishi ya wanafunzi ya wiki ya kwanza ya muhula ujao. Bila hayo, hakuna alama ya mwisho itakayothibitisha kwamba kozi ilimsaidia mwanafunzi.